Shata ya baba mdogo na kichupa cha mafuta ya cherehani

Juzi usiku, saa nne hivi, jamaa mmoja tunayejuana kwa mambo haya haya ya kamera za zamani kanitumia voisi WhatsApp, hana salamu hana nini, sekunde kumi na mbili tu. Ndani hakuna mtu anaongea. Kuna mlio wa shata, kale kamlango ka ndani ya kamera kanakopitisha mwanga: trrrrrr... trr... tr... alafu kimya. Nikasikiliza mara tatu huku nimeshika sahani ya matoke mkononi, nikamwandikia maneno mawili, "Umetia mafuta?" Akakaa kama dakika mbili, naona tu anaandika, anafuta, anaandika, mwisho jibu likaja: "Kidogo tu."

Kidogo tu! Kila mtu ni kidogo tu. Hata mimi nilitia kidogo tu, na hicho kidogo kilinigharimu miezi minne, filamu mbili na aibu moja kubwa mbele ya wakwe za watu. Ndo maana nimekaa leo niandike, manake nimechoka kueleza kitu hiki hiki kwa voisi.

Nianzie mbali kidogo. Mimi nimekulia kambini Jinja. Baba alikuwa mwanajeshi, na kambini lugha ni Kiswahili, ndo maana hata leo hapa Kampala nikifungua mdomo sokoni watu wananiuliza we ni Mkenya? Hapana ssebo, ni mtoto wa kambi. Sasa baba mdogo yeye hakuingia jeshini, alikuwa mpigapicha, na kila mwisho wa mwezi mishahara ikitoka alikuwa anakuja na Yashica-Mat 124G shingoni, ile kamera ya macho mawili, moja juu moja chini, unainama unaangalia kwa juu kama mtu anachungulia kisima. Wanajeshi wanajipanga na redio zao, wake zao wamevaa gomesi, watoto wamepakwa mafuta uso unang'aa. Filamu ni ile pana ya 120, inatoa picha kumi na mbili, basi. Ukiharibu moja umekula hasara yako mwenyewe. Alikuwa anatuambia watoto, kwa lugha ile ile ya kambi, "Kwanza unakoki, alafu unalenga, alafu unafyatua, na kabla ya kufyatua unashika pumzi." Mimi nilidhani kamera na bunduki ni ndugu.

Simu zilipokuja kazi ikafa, kamera ikalala juu ya kabati miaka kama kumi na tano, ndani ya kava lake la ngozi. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho pale Kira Road lilionyesha picha za enzi ya Amin zilizotoka kwenye hazina ya UBC, shirika la utangazaji la serikali, negativu (zile filamu zilizokwisha safishwa) maelfu kwa maelfu zilikuwa zimekaa tu kwenye makabati. Nilienda nikazunguka pale karibu saa nzima, na watu wengine wanaangalia Amin mimi naangalia ukali wa picha, nikawa nawaza hawa mabwana wa Wizara ya Habari walikuwa wanafyatua mashine gani, na nani alikuwa anazitengeneza zikigoma. Jumamosi iliyofuata nikapanda taksi kwenda Jinja kuomba kamera.

Baba mdogo akanipa bila maneno mengi. Nikaiweka kwenye sekunde 1, yaani shata ibaki wazi sekunde nzima, nikakoki, nikafyatua. Shata ikafunguka. Haikufunga. Nikaangalia ndani ya lenzi naona tundu limekaa wazi kama jicho la samaki, nikaigonga gonga kidogo, baada ya muda trr, ikafunga kwa uvivu.

Sasa si kitu kimekaa miaka kumi na tano? Kimekauka! Akili ya kawaida inasema kitu kikikauka kinataka mafuta. Mlango ukilia tunatia mafuta, baiskeli tunatia mafuta, pikipiki, bawaba, kufuli, kila kitu. Kufika nyumbani nikachukua kichupa cha mafuta ya cherehani ya mama watoto, nikafungua lenzi ya mbele (inatoka kwa kuizungusha tu, nilitumia kipande cha mpira nikaibana), nikadondosha tone. Nikafyatua. Tone la pili. Weee, ikaanza kukimbia! Sekunde 1 safi, nusu safi, 1/15 safi, mlio mtamu kabisa, nikawaita mpaka watoto waje wasikie.

Hapo ndo mtego ulipo. Mafuta yanafanya kazi siku mbili tatu.

Wiki hiyo kulikuwa na kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe, ya rafiki yangu upande wa Masaka, nikajitolea kwa kiherehere changu niwapigie picha za filamu, filamu mbili nilizoletewa kutoka Nairobi, jua kali la mchana, naweka 1/250 najiona mjanja. Kuja kusafisha negativu nyumbani, zote nyeusi tititi, nzito kama zimechovywa lami. Yaani mwanga uliingia mara nne, mara nane ya unaotakiwa. Shata ilikuwa inafunguka inasitasita ndo inafunga, na kwa jicho ukiwa kwenye shughuli huwezi ukajua, unasikia "tik" unaendelea zako. Bibi harusi mpaka leo akiniona anauliza picha zangu ziko wapi.

Haya, kwa nini? Shata ya aina hii ndani ina vibati vyembamba, kwenye hii ni vitano, vyembamba kuliko wembe, vimepangana vinalaliana kama magamba ya samaki. Springi ikiachia, pete inavisukuma vyote pamoja vinafunguka toka katikati kwenda nje, alafu vinarudi. Kwenye 1/500 kazi yote hiyo iishe ndani ya milisekunde 2. Sasa chukua kaveera mbili, hii mifuko ya plastiki, zilizokauka ziweke moja juu ya nyingine, zinateleza bila shida. Zilowanishe maji. Jaribu kuziachanisha. Umeona? Hicho ndo mafuta yanafanya kwenye vibati. Hayalainishi, yananatisha. Springi zenyewe ni dhaifu, kama unywele, hazikuumbwa kupigana na unato. Alafu mafuta ya cherehani hayakai mahali ulipoyaweka, yanatambaa, ukiyaweka kwenye gia leo wiki ijayo yako kwenye vibati, na joto ndo linayaongezea miguu. Kamera ikiachwa ndani ya gari kwenye dashibodi pale Kampala Road mchana, hata grisi ya kuzungushia lenzi inayeyuka inatafuta njia ya kushuka kwenye shata.

Kwa hiyo ile kamera ya baba mdogo haikuwa imekauka. Ilikuwa na mafuta ya zamani yaliyoganda yakawa kama gundi, na mimi nikaenda kuiongezea mengine.

Aliyenifungua macho hata si fundi wa kamera. Fundi wa kamera wa kweli kweli Kampala kumpata ni kazi, wengi ukiwapelekea kitu cha filamu wanakuangalia kama umeleta jiwe. Huyu ni fundi saa, mzee mmoja Mhaya wa Bukoba anakaa kwenye veranda karibu na paki ya zamani ya taksi, ana kameza kadogo na mwavuli na kale kalenzi ka jichoni. Nilipita kununua betri ya saa nikamwonyesha kamera kwa utani tu. Akaweka kalenzi jichoni, akaangalia ndani, akavuta pua. "Mwanangu, nani amekojolea hapa?"

Nikakubali makosa. Akacheka, akaniambia nimsogelee. Akachukua sindano ya kushonea, ncha yake akaigusisha kwenye kichupa chake cha mafuta ya saa, akanionyesha. Sikuona kitu. "Iko," akasema, "geuza uangalie na jua." Nikageuza nikaona kapo, kapointi kanameremeta kwenye ncha, kadogo kuliko chumvi. "Hiyo ndo dozi. Hiyo inatosha ekseli moja ya gia, na gia peke yake. Sehemu nyingine zote mzee wangu ni kavu, kavu, kavu." Mpaka leo namkumbuka alivyorudia hiyo kavu mara tatu akigonga meza.

Baadaye nikaja kusoma nikaona mzee alikuwa na haki hata kwa historia. Shata za zamani za Deckel wa Munich zilizoitwa Compound zilikuwa zinapima muda kwa pistoni ya hewa, ndo wakaja 1912 wakaweka gia kama za saa wakaiita Compur, jina ambalo inasemekana ni Compound ukichanganya na neno la Kijerumani la saa. Prontor wa kule Calmbach, Seikosha na Copal za Japani, hii Yashica ina Copal, zote ni ukoo mmoja. Ndani kuna saa ndogo. Kuna mtiririko wa gia, na mwisho wake kuna gurudumu la meno makali na kananga (nanga ndogo) kanachezacheza kulia kushoto juu ya meno hayo, tk tk tk tk, na huo ndo mlio wa trrrr unaousikia kwenye kasi za polepole. Ukiweka sekunde 1 pete inabidi isukume gia zote hizo mpaka mwisho ndo vibati viruhusiwe kufunga. Ukiweka kasi za juu gia karibu hazifanyi kazi, ni springi na vibati tu.

Na ukishajua hilo unaweza kupima ugonjwa bila kufungua hata skrubu moja. Kama kasi za juu ni nzuri lakini sekunde 1 na nusu na robo zinakwama, gia ndo zimeganda, vibati viko sawa. Kama vibati vinasita kwenye kasi zote, au ukiangalia kwa tochi unaona vinameremeta kama vina mafuta ya chipsi, basi ni mafuta kwenye vibati. Vibati vizima havimeremeti, ni vyeusi vya kufubaa. Yule jamaa wa voisi, kwa mlio wake, alikuwa na vyote viwili.

Sasa kusafisha. Kuna njia ya mkato na njia ya haki. Ya mkato ni kudondosha petroli ya viberiti (ile ya kujazia viberiti vya chuma, iko kwenye vikopo vidogo, supamaketi kubwa huwa wanayo pale kwenye sigara) juu ya vibati, unafyatua mara ishirini, unafuta na pamba ya masikio, unarudia. Inafanya kazi. Shida ni kwamba uchafu hautoki, unayeyuka unasambaa unajificha pembeni, petroli ikikauka wenyewe unarudi. Jumatatu inakimbia, Ijumaa mko pale pale. Nilifanya hivyo mara tatu kwa ubishi wangu. Mara ya nne nikakubali kuifungua.

Na tafadhali usichukue petroli ya boda. Nimeulizwa hilo mara nyingi kwa hiyo naandika. Ile ina vitu vimechanganywa ndani, ikikauka inaacha utando, na ndani ya chumba ni hatari tupu. Spiriti ya duka la dawa nayo soma kwanza kichupa, nyingine zinatiwa mafuta ili zisikaushe ngozi, niliwahi kupaka moja vibati vikabaki na ukungu kama kioo cha bafuni. Na ile ya kopo la kupuliza ya kulegeza nati za magari hata usiilete karibu na meza, hayo ni mafuta tena. Chochote utakachotumia fungua dirisha na sigiri iwe nje mbali, mimi niliwahi kuanza kazi mama watoto akiwa anachoma mahindi barazani, nikapata hotuba.

Yashica-Mat kuifikia saa yake lazima ubandue ngozi ya mbele taratibu, skrubu zimejificha chini yake, alafu uso wote wa mbele unatoka. Vifaa vyangu ni aibu kuvitaja: bisibisi ndogo za fundi simu, kibanio, trei ya mayai na simu. Trei ya mayai ndo kila kitu. Skrubu ya kwanza shimo la kwanza, ya pili la pili, na kila unachotoa unapiga picha kwa simu kabla, manake unajiambia nitakumbuka, na hutakumbuka. Gia zinatoka zote kwa pamoja, zimefungwa kati ya bati mbili, skrubu mbili tu unainua. Usizifungue moja moja! Zitumbukize hivyo hivyo kwenye kikombe kidogo cha petroli ya kiberiti, zitikise, utaona vumbi la kahawia linashuka chini kama majani ya chai. Mwaga, tia nyingine, mpaka ibaki safi. Nikazikausha, nikazisukuma na kijiti cha meno, zikazunguka mpaka mwisho zenyewe, kananga kanaimba. Nilikaa nikizichezea pale robo saa nzima, sidanganyi.

Alafu springi ikaruka.

Kaspringi kadogo, kama kope ya jicho, kalikuwa kameshikilia kalever ka kutegesha. Nilikagusa tu na kibanio, ting, hakapo. Na taa ikakatika dakika hiyo hiyo, si unajua mambo yetu. Nikabaki gizani nimeganda siwezi kunyanyua mguu nisije nikakakanyaga, nawaita watoto msiingie! msiingie! kama kuna bomu. Kilichoniokoa nitakwambia kwa sababu kinafanya kazi kila mara: washa tochi ya simu, ilaze kabisa chini sakafuni, mwanga utambae na sakafu, usimulike kwa juu. Kila kitu kidogo kinatoa kivuli kirefu. Nikaona vivuli vya punje za mchele, kucha, ushanga, na mbele kule chini ya mguu wa kochi kivuli kimejikunja kama herufi. Ndo yenyewe. Tangu siku hiyo nafanyia kazi ndani ya beseni kubwa la plastiki lenye taulo, na springi yoyote naifunika na kidole kabla ya kuigusa.

Vibati sikuvitoa, nilivisafisha mahali pake na pamba na petroli, nikifuta na kubadilisha pamba mpaka pamba ikatoka nyeupe, mara kama kumi na nne. Kisha vikakauka usiku kucha. Mafuta? Ncha ya sindano kwenye ekseli za gia, mafuta ya saa aliyonigawia mzee kwenye kifuniko cha kalamu, basi. Vibati, hakuna. Springi, hakuna.

Sasa utajuaje imepona? Masikio yanadanganya. Njia rahisi, simu yako kama inapiga video ya polepole ya fremu 240 kwa sekunde, fungua mgongo wa kamera, elekeza lenzi dirishani, piga video kwa nyuma ukifyatua, alafu hesabu fremu ambazo tundu liko wazi. Sekunde 1 inatakiwa iwe fremu 240. Kabla sijaifungua yangu ilikuwa 412, baada ya kazi 251. Hiyo ni nzuri sana, tofauti hiyo filamu haitaiona. 1/30 inatakiwa fremu 8, nikapata 9. 1/60 fremu 4. Kupanda hapo simu haiwezi tena, fremu moja peke yake ni milisekunde 4 na kitu, huwezi ukapima 1/500 kwa kipimo kinene kuliko chenyewe.

Kwa kasi za juu kijana mmoja wa Makerere alinisaidia. Alichomoa kijicho cha kuhisi mwanga kwenye mausi ya zamani ya kompyuta, zile za mpira chini, akakiungia kwenye waya wa maikrofoni, kikawekwa nyuma ya shata, mbele tukaweka balbu ya moto ya zamani (taa ya LED haifai, kijicho hicho kinaona ile infraredi, balbu ya waya au jua vinayo tele). Ukifyatua kompyuta inarekodi kana kwamba ni sauti, kwenye Audacity, programu ya kurekodi sauti, unaona kilima pale shata inapofunguka na kingine inapofunga, unapima katikati. 1/125 ilikuwa sawa, 1/250 ilikuwa karibu, 1/500 ikasoma milisekunde 2.6, yaani kama 1/380. Nikaanza kuhangaika nayo, yule mzee wa saa akaniuliza hiyo filamu yako italalamika? Hapana. Basi iache. Shata ya zamani hata ikiwa mpya wengi wanasema ile namba ya mwisho ilikuwa matangazo zaidi kuliko ukweli, na negativu inavumilia mwanga wa ziada kiasi hicho bila neno.

Nimesema sana ya vibati, ile ya mapazia nitaipitia haraka kwa sababu nina moja tu, Zenit-E ya Urusi niliyoitoa soko la Owino kwa elfu arobaini, chini ya rundo la viatu. Hii ndani ina mapazia mawili ya kitambaa chenye mpira, la kwanza linakimbia linafungua, la pili linalifuata linafunga, na kwenye kasi za juu yanakimbia yote mawili kwa pamoja yakiacha mwanya mwembamba katikati. Kama pazia moja limechoka utaona upande mmoja wa picha una giza, au kuna mstari mweusi kabisa pembeni. Na hapa kosa la mafundi wetu si mafuta, ni skrubu. Chini ya kamera ukifungua kuna mahali pa kukazia springi za mapazia, na fundi akiona uvivu anakaza. Inakimbia! Mteja anafurahi! Lakini uvivu ulitokana na uchafu kwenye ekseli, sasa springi imevutwa kupita kiasi inapigana na uchafu, mwisho wake kitambaa kinabanduka kwenye gundi. Safisha kwanza, skrubu iwe mwisho kabisa, robo mzunguko kwa mara moja. Na kamera hizi za Zorki na FED ambazo hazina kioo ndani, usiziache jua linaingia kwenye lenzi bila kifuniko, lenzi inafanya kama ile glasi ya watoto kuchomea karatasi, pazia linatoboka tundu na kila picha yako itakuwa na nyota mahali pasipo na nyota.

Kitu kinachochekesha, Mrusi na Mjerumani hawakubaliani hata kwenye kukoki. Kwenye Zorki unakoki kwanza ndo unachagua kasi, ukigeuza kabla unaweza kuharibu. Kwenye Compur-Rapid ile namba ya juu kabisa ina springi yake ya ziada, unaichagua kwanza ndo unakoki, ukiilazimisha baada ya kukoki unasikia inakataa. Kwa hiyo ukipewa kamera usiyoijua usigeuze chochote kinachogoma.

Na ile lever ya V. Kamera nyingi za miaka ya 50 na 60 pembeni ya lenzi zina kilever chenye herufi M, X na V. X ni flashi ya siku hizi. M ni ya balbu za zamani za kuungua mara moja, shata inazisubiri kidogo ziwake vizuri, ukiweka flashi ya kisasa kwenye M flashi inawaka kabla tundu halijafunguka unapata picha ya giza. V inatoka kwa Kijerumani Vorlaufwerk, kujipiga picha mwenyewe kwa kuchelewesha. Usiiguse! Ndani yake kuna gia nyingine ambazo hazijaguswa tangu babu zetu, zikikwama katikati zinabeba shata yote. Ya baba mdogo mpaka leo sijaijaribu, nimeibandika selotepu.

Mengine ni ya kawaida tu. Ukimaliza fyatua, usiiache imekokiwa kabatini springi ikachoka. Itoe mara moja kwa wiki mbili uifyatue kasi zote ukiwa unaangalia mpira, bila filamu. Kava la ngozi ni zuri kwa kutembelea lakini kuhifadhia ni shamba la ukungu kwa unyevu wetu huu wa karibu na ziwa, mimi naweka kwenye kopo la plastiki na vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele hapana, una vumbi.

Ilipokuwa tayari nikairudisha Jinja. Nikamkuta baba mdogo amekaa chini ya mwembe, macho siku hizi yamepungua lakini vidole viko pale pale. Nikampa. Akaipima uzito, akapitisha kidole gumba kwenye zile gurudumu mbili bila kuangalia, kajua iko kwenye ngapi, akaileta kwenye sekunde 1, akaizungusha mkono, akaiweka sikioni kama mtu anasikiliza redio ya betri zimeisha, akafyatua. Trrrrrrrrrrr-tk. Akakoki tena. Trrrrrrrrrrr-tk. Mara ya tatu akafumba macho.

Mimi nimesimama pale nasubiri kusifiwa.

"Imekaa vizuri mwanangu," akasema. Akaigeuza geuza, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, alafu akamgeukia mama mdogo kule jikoni akapaza sauti, "Hebu niletee kile kichupa cha cherehani, tuitie kidogo tu isije ikakauka."